Mashine ya Kupita Kando ya Jiko

Mume wangu aliendesha trela miaka yote ya kazi yake, kutoka Mombasa hadi Kampala na mbele ya Kampala ambako mimi sijawahi kufika, na kila aliporudi nyumbani hapa Tororo, wa kwanza kusalimiwa sikuwa mimi. Zilikuwa nyasi. Alivua viatu vya safari, akavaa gambuti, akachukua slasha nyuma ya mlango wa stoo, akaanza kufyeka kuanzia getini. Mimi nimesimama na kikombe, chai inapoa, yeye ananipungia mkono kwa mbali kama jirani. Nilikuwa naona wivu. Mwanamke mwenzako unaweza kwenda kumtafuta mkazozana mkaishia hapo, lakini na majani utaanzia wapi?

Kufyeka alikuwa anajua, siwezi kumnyima hilo. Uwanja wetu ni mkubwa. Ni ardhi ya baba yake, ilikuwa kijijini kabisa kwenye barabara ya kwenda Kwapa, mpaka mji ukaifuata huko huko. Sasa kila upande kuna ukuta, geti, na mbwa anayebwekea pikipiki. Akimaliza kazi ungeweza kutandika mkeka popote ukalala. Isipokuwa sehemu moja. Kati ya kaburi la mama yake na ukuta wa jiko aliacha kila mara kishungi cha nyasi, kama mtu aliyenyolewa na kinyozi aliyeitwa na simu katikati ya kazi. Nami nilimkemea kila mara.

"Wewe mzee, macho yako yanaishia kwa kaburi la mama yako?"

"Mimi nachoka," alikuwa anajibu bila kugeuka. "Wewe malizia."

Basi nachukua slasha namalizia, nikilalamika kwa sauti ili majirani wajue nimeolewa na mtu wa namna gani.

Lakini malalamiko yalikuwa ya nje tu. Ndani nilikuwa nashukuru. Pale ndipo amelala mtoto wetu wa kwanza, na sikutaka mtu mwingine yeyote apitishe chuma juu yake.

Aliishi siku chache. Jina la kanisani alikuwa bado hajapewa. Huku kwetu mtoto wa namna hiyo huzikwa na kina mama, upesi, karibu na jiko, bila mahubiri na bila turubai. Hawekewi saruji wala msalaba, na mama yake haambiwi alie. Anaambiwa atazaa mwingine. Mama mkwe wangu ndiye aliyemfunga kwenye leso yangu, na ndiye aliyeshika jembe. Baba mtoto alikuwa safarini na trela, na wakati ule hakukuwa na simu za mfukoni. Aliporudi, mimi nilikuwa nimepelekwa kwetu Busia, upande wa Kenya, nipate nguvu. Tulipokuja kuonana tulizungumza mambo mengine. Hakuniuliza ni wapi, nami sikumwambia. Nilijisemea mwanaume ameshasahau, na labda ni afadhali.

Wakaja wengine watatu, wazima, wenye kelele, nyumba ikajaa. Mama mkwe alipozeeka akasema akifa azikwe pale kando ya jiko. Watu walishangaa, mzee mwenye heshima zake kuzikwa kwenye moshi. Mimi nilikwenda chumbani nikakaa kitandani mpaka nilipoweza kutoka. Akazikwa alipotaka, tukamjengea kaburi la saruji lenye vigae vyeupe, na kati yake na mjukuu wake pakabaki upenyo mdogo wa nyasi. Upenyo huo ndiyo njia pekee ya kwenda nyuma ya nyumba, kwa sababu upande wa pili kuna tangi la maji na choo.

Nimeeleza haya yote ili ueleweke ugomvi wa mashine, maana bila upenyo huo ungeniona mwanamke mkorofi tu. Mkorofi ni kweli ni mimi, lakini siku ile nilikuwa na sababu.

Mume wangu alipostaafu alifyeka vizuri zaidi, kwa vile hakuwa na haraka ya kurudi barabarani. Halafu kiharusi kikampata. Mungu alisaidia, mdomo ulirudi mahali pake, mkono ukarudi karibu wote. Mguu wa kushoto haukurudi. Anatembea na fimbo, anauvuta ule mguu kama mtoto anayekataa kwenda shule. Mvua zikaja, nyasi zikapanda, naye akawa anakaa barazani akizitazama. Hakula vizuri. Hakuongea. Ukimuuliza kitu anakujibu, "Iko sawa," na ukiangalia hakuna kilicho sawa.

Watoto wetu wanampenda baba yao, na mapenzi yao yana haraka. Binti yetu, anayeishi Kampala, alipiga simu.

"Mama, tumeongea sisi wote. Krismasi tukija tunakuja na lori la kabro. Tutamwaga uwanja wote, mbele na nyuma. Baba asiumize kichwa na majani tena."

"Yale matofali ya kabro yanaleta joto," nikasema.

"Mama, kila mtu ana kabro siku hizi."

"Maji ya mvua yataingia jikoni."

"Tutachimba mfereji, Mama. Hapo hapo kando ya jiko."

Ningeweza kumwambia neno moja tu akaacha, lakini neno lenyewe sikuwahi kulitoa kinywani. Nikisema nitalia, na nikilia wataniuliza kwa nini sikulia miaka yote. Baba yao alichukua simu akasema hataki kabro kwa boma yake. Alipoulizwa kwa nini, akasema mawe yanatesa kuku. Binti alicheka. Mimi pia nilicheka, kwa sababu hatuna kuku.

Nikajaribu njia yangu. Nikamwita mtu mmoja kutoka Merikit mwenye mashine ya kuning'iniza begani, ile yenye uzi unaozunguka. Alikuwa mtu mzuri, mchapakazi, na sina neno naye. Lakini alipokata mbele yote na kuanza kuelekea jikoni, uzi unarusha mawe na matope ukutani, niliacha ugali motoni. Nilitoka na mwiko mkononi nikipiga kelele aache. Barazani mume wangu naye alikuwa anagonga fimbo sakafuni, anapiga kelele vilevile. Nikafikiri, kiburi hicho, hataki mwanaume mwingine akate nyasi za nyumba yake. Yule mtu alizima mashine akatutazama, mmoja na mwiko, mmoja na fimbo, akaomba ruhusa aende nyumbani.

Mambo yalikaa hivyo hadi Jumapili moja tulipokuwa tunatoka kanisani kwa bodaboda, kila mmoja na yake, yeye mbele. Bodaboda yake ikasimama kando ya uwanja wa mpira wa shule moja. Mtu alikuwa amekaa juu ya mashine ndogo kama trekta, anazunguka, na nyuma yake nyasi zinabaki zimelala safi. Mume wangu alitazama muda mrefu. Jua lilikuwa kali, wenye bodaboda wakaanza kuulizana tunangoja nini.

"Ile iko na usukani," akaniambia.

Ilikuwa sentensi yake ndefu kuliko zote za wiki hiyo. Niliona uso wake, nikajua kwamba kama kuna kitu kitakachomrudisha mtu wangu, ni hicho. Na kama kuna kitu kitakachozuia lori la kabro, ni hicho hicho. Nikampigia binti yangu, nikamwambia zile pesa za kabro wazitume sasa, tunanunua mashine ya kukata nyasi ya kukalia. Akasema sawa, lakini wakija Krismasi wakikuta majani yamefika magotini, lori linakuja.

Sasa kazi ilikuwa kuchagua. Yeye aliwaza usukani na injini. Mimi niliwaza upenyo. Mashine pana ingepita juu ya mtoto, na mashine haipiti mara moja, inapita kila wiki maisha yote. Asubuhi moja, yeye akiwa bado ndani, nilichukua leso, nikashika ncha moja kwenye vigae vya mama mkwe, nikaivuta hadi pale mtoto anapoanzia, nikafunga fundo. Mama mkwe alikuwa amepanda pale kitunguu kile chenye ua jekundu, kinachojitokeza mvua zikianza kisha kinapotea, kwa hiyo nilijua mwanzo wake. Nikaikunja leso nikaiweka ndani ya mkoba.

Mashine za namna ile hazipatikani madukani kwetu. Tuliambiwa Busia, upande wa Kenya, kuna mwanamke anayeuza mitambo iliyotumika Ulaya. Tukakodi pikapu na dereva wake. Tulivuka mpaka mapema. Pale mpakani watu wengi bado wanamjua mume wangu kutokana na siku za trela, na kila mtu alitaka kumshika mkono, na kila mtu aliangalia mguu kisha akaangalia kando. Alitabasamu kwa wote. Mimi nilishika mkoba wangu.

Yadi ilikuwa nyuma ya maghala ya mahindi. Majenereta, majokofu, baiskeli za watoto, na kwenye kona mashine tatu za kukata nyasi zimepangwa chini ya bati. Mwenyewe alikuwa mama wa makamo aliyevaa ovaroli na hereni ndefu za dhahabu. Alimkalisha mume wangu kwenye kiti cha plastiki kabla hata hatujasema tumekuja kufanya nini, nikampenda.

"Mzee wangu, karibu. Mama, karibu. Hizi ndizo simba zangu," akasema. "Hii ya rangi ya chungwa ndiyo baba lao. Ni noma. Ina taa, ina mahali pa kuweka soda."

"Nani anakunywa soda anakata majani?" nikauliza.

"Mama, ni starehe hiyo. Wazungu wanajua."

Mume wangu alikuwa ameshasimama. Aliizunguka ile mashine kubwa, akaipiga tairi teke dogo na mguu mzima, kama alivyokuwa akipiga matairi ya trela kabla ya safari. Akataka kuipanda. Tulimsaidia, yule mama upande mmoja na mimi upande mwingine. Alipokaa na kushika usukani alibadilika, mabega yalipanda. Nilikuwa sijaona mabega yale tangu hospitali. Yule mama akamweleza gia ziko wapi, klachi ni ile ya kushoto, aikanyage hadi mwisho ndipo aingize gia.

Aliikanyaga. Mguu ukafika juu ya klachi ukateleza. Akaurudisha kwa mkono, akashika goti, akalisukuma kwa viganja viwili. Klachi ilishuka nusu ikarudi. Alijaribu tena. Yule mama alianza kuchezea hereni zake. Mtu aliyepandisha trela Mlima wa Mau usiku, mvua inanyesha, alikuwa anashindwa na kipande cha chuma ambacho mimi ningekikanyaga na kandambili. Nilitamani kulia na kumpiga mtu, sikujua yupi.

"Klachi yake iko mgonjwa," akasema, akashuka.

"Ni kweli ina shida kidogo," yule mama akasema upesi. Mungu ambariki kwa uongo ule.

Akatupeleka kwenye ya pili. Ilikuwa ya kijani, safi, kiti laini. Hii haikuwa na klachi. Ilikuwa na pedali moja tu, upande wa kulia. Ukikanyaga mbele inakwenda, ukiachia inasimama. Yule mama aliiwasha ikanguruma taratibu. Mume wangu akaiendesha kutoka kwenye bati hadi kwenye majokofu na kurudi, na aliporudi alikuwa anatabasamu kwa meno yote. Akaizima, akashuka, akafungua boneti, wakaanza kuzungumza habari za plagi na mkanda na mahali pa kupata spea.

Hapo ndipo nilipopata nafasi. Nilipiga magoti upande wa pili, nikatoa leso, nikaitandaza juu ya lile sufuria la chuma la chini lenye visu. Ukingo wa sufuria na fundo langu vilikutana. Ilipita kwa kubana, lakini ilipita. Nilisikia raha hadi kwenye miguu.

"Mama, unapima kitambaa cha kiti?" yule mama akaniuliza, ameniinamia.

"Aa, nafuta vumbi," nikasema, nikainuka. "Tuchukue hii. Mzee, hii ndiyo yako, umeipenda, tuichukue twende."

Mume wangu alikuja upande wangu, akiburuta mguu, akainama kwa shida, akalaza fimbo yake juu ya lile sufuria. Akatazama. Akasogeza fimbo, akatazama tena. Akatikisa kichwa.

"Hii hapana. Hii haipiti."

Moto ukaniwaka. Miezi mizima ya kimya, kuku wasiokuwepo, mtu wa Merikit, na sasa mashine imepatikana, ina pedali ya mguu wake mzima, inapita kwangu, naye anatikisa kichwa. Nikamwambia kichwa chake ni kigumu kuliko hiyo injini. Nikamwambia Krismasi inakuja na lori linakuja. Nikamwambia akitaka mashine ya dhahabu aende akaitafute Mombasa.

"Nasema haipiti," akarudia.

"Haipiti wapi? Nimeipima mimi mwenyewe, inapita!"

Akainua macho. "Umepima nini?"

Nilikuwa nimeishika ile leso mbele yangu, na fundo lake. Sikuwa na pa kuificha. Yeye akageuza fimbo, akanionyesha karibu na mkono wake wa kushikia. Palikuwa na alama iliyokatwa kwa kisu, mpya, mbao yake bado nyeupe.

"Hii ni ya nini?" nikauliza.

"Pale kwa jiko," akasema. "Kwa mtoto."

Yule mama mwenye yadi alirudi nyuma hatua moja. Mume wangu alizungumza polepole, Kiswahili chake hiki cha barabarani ambacho nimeishi nacho maisha yangu yote, kwa sababu mimi sijui lugha ya mama yake vizuri na yeye hajui ya mama yangu.

"Siku ile natoka safari, wewe iko kwenu Busia. Mama ananishika mkono, ananipeleka, anasema hapa. Mimi nasimama pale mpaka ye anasema basi, ingia ndani, utashikwa na baridi. Ananiambia hapana uliza huyu msichana kitu, ataumia. Mimi sikuuliza." Akafuta uso. "Yale majani mimi naacha, wewe unafikiri mimi sioni?"

Nilikaa chini. Kulikuwa na tairi la lori nyuma yangu, nikakaa juu yake, nikalia. Nililia kwa sauti, kilio kile cha matangani ambacho nilikatazwa nikiwa msichana, hadi watu wa maghala ya mahindi wakatoka kuchungulia. Yule mama mwenye yadi alikuja akanishika bega.

"Mama usilie jamani," akasema. "Bei tutaelewana. Kweli tutaelewana."

Nikacheka ndani ya kilio, makamasi yakanitoka. Mume wangu alisimama karibu yangu ameshika fimbo, hajui aweke wapi mkono wa pili, mwishowe akauweka juu ya kichwa changu kama mchungaji anayebariki watoto.

Nilipotulia tulilinganisha vipimo. Tulilaza leso kando ya fimbo. Kipimo chake kilikuwa kifupi kuliko changu. Mimi nilipimia pale kitunguu kinapoanzia. Yeye alirudi nyuma zaidi. Alikuwa amempa mtoto nafasi kubwa kuliko niliyompa mimi, nami ndiye mama.

"Iko na haki ya kujinyoosha," akasema.

Kwa hiyo ya kijani tuliiacha. Tukachukua ya tatu, ambayo yule mama hata hakuwa amehangaika kutuonyesha: nyekundu iliyopauka, ndogo, injini iko nyuma chini ya makalio ya dereva, kiti kimechanika na kuzibwa kwa gundi ya karatasi. Haikuwa na taa wala mahali pa soda. Lakini pedali yake ilikuwa moja, upande wa kulia, na fimbo ilipolazwa juu ya sufuria lake, alama ilibaki nje, na nafasi ikawepo. Mume wangu aliisikiliza injini kwa muda, akasema inakohoa lakini haijafa. Yule mama alitupunguzia sana. Nadhani alitaka tuondoke kabla wateja wengine hawajaanza kulia.

Mpakani afisa mmoja alichungulia nyuma ya pikapu akauliza ni kitu gani kile.

"Gari yangu mpya," mume wangu akasema, na kijana wa watu akapiga saluti.

Tulipopita vituo vya mafuta vya kutoka mjini, binti yetu akapiga simu kuuliza kama tumepata. Nilikuwa bado na sauti ya kilio, nikampa baba yake. Alimweleza habari za mashine, rangi yake, pedali yake. Nikasikia binti anasema sawa Baba, lakini nyuma huko kwa jiko tuweke tu kabro kidogo. Mume wangu aliangalia barabara.

"Hapana," akasema. "Pale kwa jiko iko mkubwa wenu analala. Ye ndiye wa kwanza. Ukikuja mama yako atakuonyesha."

Dereva wa pikapu alinyoosha mkono akazima redio. Kisha nikamsikia binti yangu, msichana yule mwenye maneno mengi kuliko soko, anauliza kwa sauti ndogo: "Ni kaka au dada?"

"Kaka," nikasema mimi, nikiinamia simu.

Kesho yake asubuhi umande ulipokauka, alivaa gambuti. Ya kushoto nilimvalisha mimi. Nilimsaidia kupanda, akawasha, mashine ikakohoa moshi wa buluu, ikaanza kwenda. Alianzia getini kama zamani. Majirani walitoka, hata wenye kabro walipanda juu ya mawe kuchungulia ng'ambo ya ukuta. Alikwenda na kurudi, kwenda na kurudi, mgongo wima, na kwenye kona alikuwa anaangalia nyuma juu ya bega kana kwamba bado ana trela nzima inayomfuata. Mimi nilisimama na chai. Akanipungia mkono kwa mbali. Sikuona wivu tena, nikampungia na kikombe.

Alipofika kwenye upenyo alipunguza mwendo. Akapita kati ya vigae vya mama yake na mtoto, polepole, macho chini, hakugusa upande huu wala ule. Akakata nyuma yote. Akarudi kwa njia ile ile, akasimama kando ya jiko, akazima injini. Kishungi cha nyasi kilikuwa pale pale, kirefu, hakijaguswa.

Nilikwenda stoo nikachukua slasha, kwa mazoea. Niliporudi bado amekaa juu ya mashine, anaangalia pale.

"Malizia wewe," akasema.

"Kwa nini mimi kila siku?" nikamuuliza. Sikuuliza kwa ukali. Nilitaka kujua.

"Mimi sikukuwako," akasema. "Wewe ulikuwako. Pale ni yako. Mimi nitakata aje?"

Nilimtazama mtu huyu, na miaka yote ile niliyomkemea mbele ya majirani kwa uvivu wa macho. Nikamwambia ashuke. Akasema mguu. Nikamwambia mguu naujua, ashuke. Nilimshusha, nikamwegemeza kwenye ukuta wa jiko, nikachukua fimbo yake nikaiweka kwenye kiti cha mashine, nikampa slasha kwenye mkono wa kulia. Mimi nikasimama nyuma yake nikamshika mkanda wa suruali kwa mikono miwili, nikakita miguu.

Akapiga pigo la kwanza, likapita juu juu. Akapiga la pili. Alikuwa anayumba, nami nayumba naye, tunapumua kama watu wanaosukuma gari lililozimika. Ilichukua muda mrefu, sehemu ndogo kama ile. Alipomaliza aliniachia slasha, akashika ukuta, akakaa hivyo ameinamisha kichwa.

Alikuwa amekata vibaya sana. Upande mmoja amefika udongoni, upande mwingine mashina yamebaki marefu, mengine yamelala tu bila kukatika. Nilirudisha slasha stoo nikaenda kumpashia chai, na hadi leo sijapasawazisha.